Taa za ndani ya gari: ubaki na balbu za kawaida, uweke LED, au ubandike utepe? Kwa magari ya huku Kigoma na Tabora

Wakuu, swali la taa za ndani linarudi kila mara kwa wenye Noah, Probox, IST na Hiace huku Kigoma, ukienda Tabora ni hivyohivyo, na jibu wanalopewa ni moja tu, weka LED utasahau shida. Mi naona hilo jibu ni nusu. Ukienda duka la spea pale mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini, ukachagua kwa kuangalia ipi inawaka sana, unaweza ukatoka na taa iliyowaka vizuri mkononi kwa muuzaji afu kwenye gari yako inachezacheza, au inabaki na mwanga kidogo usiku kucha, au inaungua ndani ya wiki. Cha kujua kwanza ni taa ya gari yako inawashwa na nini. Ukishajua hapo, kuchagua kati ya balbu ya kawaida, LED ya kuchomeka na ule utepe wa kubandika kunakuwa rahisi.

Tuanze na magari ya zamani kidogo maana ndo mengi huku kwetu, Noah za kwanzakwanza, Hiace za abiria, Corolla na Mark II. Waya wa moto unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, kwenye Toyota nyingi hiyo fyuzi imeandikwa DOME, unaenda moja kwa moja mpaka taa ya dari. Moto upo pale muda wote hata kama ufunguo uko mfukoni kwako. Kinachosubiriwa ni erthi. Erthi inakuja kupitia kile kiswichi kidogo chenye raba kwenye nguzo ya mlango, mlango ukifungwa kinabonyezwa na njia inakatika, mlango ukifunguliwa springi inakisukuma nje, kinaunganisha na bodi ya gari, umeme unapata pa kurudia, taa inawaka. Ile swichi ya darini yenye ON, DOOR na OFF kazi yake ni kuchagua erthi itoke wapi tu, ON inachukua palepale juu, DOOR inasubiri mlango, OFF haichukui popote. Hiyo fyuzi ya DOME kwenye magari mengi ndo inalisha pia saa na kumbukumbu ya redio, kwahiyo mtu taa zake za ndani zikizima zote kwa mpigo na redio ikawa inasahau stesheni kila akizima gari, asikimbilie kununua balbu, afungue boksi la fyuzi kwanza.

Kuhusu hicho kiswichi cha mlango naomba tuelewane vizuri maana kwa mazingira yetu ndo chanzo cha nusu ya matatizo ninayoyaona. Vumbi la njia za Kasulu na Kibondo, au ukiwa Tabora njia za Sikonge, linaingia kwenye raba, mvua zikianza linageuka tope, kiswichi kinashika kutu. Kikikwama ndani taa haiwaki ukifungua mlango huo, kikikwama nje taa haizimi hata ufunge milango yote. Na kwa kuwa erthi yake inapitia kwenye skrubu inayokishikilia, skrubu ikishika kutu taa inakuwa hafifu, leo inawaka kesho haiwaki. Ukitaka kujua haraka, fungua hiyo skrubu moja, vuta kiswichi taratibu waya usije ukazama ndani ya nguzo, gusisha ule waya kwenye chuma cha bodi. Taa ikiwaka vizuri basi balbu ni nzima, mgonjwa ni kiswichi, kipige msasa na ubadilishe raba. Hakuna LED ya bei yoyote itakayotibu kiswichi kibovu, na inaniuma kuona mtu anauziwa taa tatu mpya wakati ugonjwa uko mlangoni.

Magari mapya kidogo ni habari nyingine. Kiswichi hukioni, mara nyingi kimefichwa ndani ya kitasa cha mlango, na hakiwashi taa chenyewe, kinapeleka taarifa kwenye kompyuta ya bodi, kompyuta ndo inawasha. Ndo maana ukibonyeza rimoti taa inawaka kabla hujashika mlango, ukifunga inabaki kidogo afu inafifia polepole, na kwenye magari mengi ukisahau mlango wazi kompyuta inakata yenyewe baada ya muda ili isimalize betri. Sasa kule kufifia, kompyuta inaiwasha na kuizima taa haraka mno, vipindi vya kuwaka vinazidi kuwa vifupi, jicho linaona mwanga unapungua. Balbu ya kawaida haijali, kawaya kake kakishapata moto hakapoi mara moja. LED inafuata kila kuwasha na kila kuzima bila kuchelewa, kwahiyo ile ya bei ya chini utaiona inatetemeka au inakatika ghafla mwishoni. Afu kuna mkondo mdogo sana ambao kompyuta nyingine zinauachia upite hata taa ikiwa imezimwa, balbu ya kawaida hauiwashi, ila LED unaitosha, unapaki gari saa nne usiku ukirudi kuchungulia unakuta dari lina mwanga kwa mbali.

Namna ya kujua gari yako iko upande upi ni hii: giza likiingia weka swichi kwenye DOOR, kaa ndani, funga mlango. Taa ikizima palepale mlango unapogonga, una mfumo wa kizamani, LED karibu yoyote nzuri itakufaa. Ikififia polepole, una kompyuta au kifaa cha kuchelewesha, chagua kwa makini.

Haya, balbu ya kawaida. Ndani yake kuna waya mwembamba wa tangsteni, umeme ukipita unapata joto mpaka unang'aa, sehemu kubwa ya umeme inaishia kwenye joto na sehemu ndogo tu ndo mwanga. Ile ndogo ya kioo isiyo na kitako cha chuma, W5W ambayo wengi tunaiita T10, inakula wati 5 inatoa mwanga wa lumeni (kipimo cha mwanga) 50 hivi, na ile ndefu yenye vichwa viwili vya chuma, C5W, inatoa kama 45. Za dari kwenye Toyota nyingi ni wati 8 au 10. Faida zake nazipenda: haichagui upande wa kuchomeka, haitetemeki, inafifia vizuri, na rangi za vitu unaziona kama zilivyo. Ubaya wake ni mitikisiko, barabara ya makorongo inakata ule waya, na joto, maana kioo cha plastiki cha taa kinakuwa cha kahawia kikikaa miaka, na mtu akiweka ya wati 10 mahali palipotengenezewa wati 5 plastiki inaanza kulainika.

Lakini shida kubwa ni betri, na hapa tupige hesabu. Balbu ya wati 10 kwa volti 12 inavuta ampia 0.83. Noah ina taa mbele, katikati na nyuma, tuseme zote tatu ni za wati 10, jumla ni ampia 2.5. Mtu kafika usiku kachoka, watoto wamelala, kashusha mizigo, buti haikushika vizuri au swichi kaiacha ON, mpaka asubuhi ni masaa kumi, ampia 2.5 mara masaa 10 unapata 25, hizo ndo Ah zinazoandikwa kwenye betri. Betri ya 45Ah ikiwa mpya imeshapoteza zaidi ya nusu, ikiwa ya miaka mitatu sahau kuhusu kuwasha, unatafuta majirani wa kusukuma au wa kubusti. Taa hizohizo zikiwa LED za wati 1 kila moja zinavuta ampia 0.25 zote kwa pamoja, usiku mzima ni 2.5 tu, asubuhi unapiga selfu unaondoka. Kwangu mimi hii ndo sababu ya kwanza ya kuhamia LED, ung'avu unakuja baadaye kabisa. Wavuvi wetu wa dagaa hapa ziwani wameshalijua hili, wengi waliokuwa wanaingia na karabai za mafuta ya taa sa hivi wanaingia na taa za LED na betri, kwa sababu zinakesha nao mpaka alfajiri kwa umeme kidogo.

LED haina waya wa kuungua. Ni kipande kidogo cha kitu cha kielektroniki ambacho umeme ukipita upande mmoja kinatoa mwanga, ukija upande wa pili haupiti. Hizi nyeupe kiukweli ndani yake ni za bluu zilizopakwa unga wa njano juu, bluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. Wajapani walioifanikisha LED ya bluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na walistahili. Kwa vile umeme unapita upande mmoja, ukichomeka LED isipowaka usiitupe, igeuze tu. Zipo zinazowaka pande zote mbili, hizo ni nzuri zaidi ukizipata.

Kitu kinachotenganisha LED nzuri na mbaya ni namna inavyodhibiti mkondo. Gari ikiwa imezimwa betri ina volti 12 na kidogo, ikiwaka alteneta, ile mashine inayochaji betri, inapandisha mpaka 13.5 hata 14.5. LED ya bei ya chini ina kirezista tu ndani, kile kipande cha kubana umeme, volti ikipanda mkondo unapanda, inapata joto, na joto ndo linaloua LED. Ongezea gari iliyopaki juani Tabora mwezi wa kumi madirisha yamefungwa, dari liko moto kabla hata hujawasha kitu. Yenye kidhibiti mkondo kamili, utaikuta imeandikwa mfano 9V-30V au 10V-30V, hiyo haisumbuki na alteneta. Mwenye Coaster au Fuso hapo asome mara mbili, mengi ya hayo magari yana betri mbili na mfumo wa volti 24, ukichomeka LED ya volti 12 inakufa hapohapo. Iwe imeandikwa 24V au huo upana wa mpaka 30.

Rangi ndo eneo ambalo watu wengi wanaponzwa na macho ya dukani. Kwenye pakiti kuna namba yenye K, 3000K ni njano karibu na balbu ya kawaida, 4000K mpaka 4500K ni nyeupe iliyotulia, 6000K kwenda juu ni nyeupe inayoelekea bluu. Dukani hiyo ya 6000K inaonekana kali na ya kisasa, ila usiku kwenye gari inachoma macho, na wadudu wengi wa usiku wanavutwa na mwanga wenye bluu kuliko wa njano. Msimu wa mvua ukisimama Uvinza au Kaliua ufungue mlango kushusha abiria, kumbikumbi wanaingia mpaka kwenye mikoba ya akina mama. Mi nashauri 4000K hivi, ukikosa chukua 3000K. Konda anayehesabu noti atakushukuru pia, chini ya balbu dhaifu iliyochoka noti nyekundu ya elfu 10 na ile ya kahawia ya elfu 2 zinakaribiana, kwenye nyeupe iliyotulia zinaachana.

Dashibodi iacheni. Najua kuna watu wanabadilisha balbu zote za nyuma ya mita ziwe za bluu, na kwenye gari yenye kile kigurudumu cha kupunguza mwanga wa mita, LED nyingi hazipungui vizuri, zinabaki kali afu zinazima ghafla. Ila kuna moja ambayo kuigusa ni hatari kabisa, ile ya alama ya betri. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndo unaiamsha alteneta ianze kuchaji. Ukiweka LED mkondo unakuwa mdogo mno, alteneta inaweza isiamke, au isubiri mpaka ukanyage mafuta sana, unasafiri Kigoma mpaka Urambo kwa umeme wa betri peke yake na njiani gari inazima. Balbu ya pale ni ya kawaida, wati zilezile zilizokuwepo.

Sasa utepe, zile taa za kubandika chini ya viti na pembeni ya dari. Vijana wa Probox na bajaji wanazipenda na mi siwalaumu, gari ikipendeza abiria anaichagua. Ila tuseme ukweli wake. Utepe wa volti 12 umegawanywa vipande vya LED tatutatu na kirezista, ndo maana una alama za kukatia. Ule wa LED kubwa zinazoitwa 5050, ukiwa na LED 60 kwa mita, unakula wati 14.4 kwa mita moja, yaani ampia 1.2. Ukizungusha mita tano ni wati 72, ampia 6, hapo faida yote ya kuokoa betri imekwisha, umezidi hata zile balbu tatu za kawaida za Noah zaidi ya mara mbili. Afu namna unavyofungwa ndo inayonitisha zaidi, fundi anachubua waya wa redio anasokota anafunga selotepu, hakuna fyuzi. Betri ya gari kwenye shoti inatoa mamia ya ampia, waya mwembamba unawaka moto kabla hujajua harufu inatoka wapi. Kama unautaka, mita moja moja chini ya viti vya mbele, mwanga uangalie sakafu, moto uchukue kwenye fyuzi inayokatika ukitoa ufunguo, na weka fyuzi yake ya ampia 3 karibu kabisa na pale ulipochukulia moto. Gari zenye mifuko ya hewa ya pembeni usipitishe waya wala utepe mbele yake.

Na usiubandike darini kwa gari inayotembea usiku. Mwanga wa ndani unajirudisha kwenye kioo cha mbele, na jicho likishaona mwanga mkali linahitaji mpaka nusu saa kulizoea giza tena vizuri. Njia zetu tunazijua, baiskeli ya mkaa haina taa nyuma, ng'ombe wanavuka muda wanaotaka. Dereva anatakiwa gizani.

Kwahiyo kama ungeniuliza mimi kwa gari mojamoja. Probox ya abiria na Hiace, weka LED darini na kwenye buti, zote rangi moja, 4000K, maana mlango unafunguliwa kutwa nzima na taa haipumziki, na wale wanaopakia magunia ya dagaa pale mwaloni Kibirizi kabla hakujakucha taa ya buti ndo macho yao. Noah au Corolla ya familia, ya katikati na nyuma ziwe LED, ya mbele ya kusomea unaweza kuiacha ya kawaida kama unapenda mwanga laini. Gari inayofifisha taa kwa kompyuta, mi ningeacha dari na balbu ya kawaida, kompyuta tayari inakulindia betri, LED niweke kwenye buti tu. Zile LED zinazouzwa kwa jina la canbus hazina kazi kwenye taa za ndani za magari yetu mengi, zimeongezewa virezista ili zivute umeme zaidi kompyuta isilalamike kwamba balbu imekufa, kwahiyo unalipia joto.

Kabla hujanunua ile ndefu, toa ya zamani uipime kwa rula kutoka ncha mpaka ncha, zipo za milimita 31, 36, 39, 41 na nyingine, ukilazimisha fupi vibamba vinavyoishika vinalegea na taa inakatika kwenye kila shimo. Swichi iwe OFF wakati unabadilisha, usitumie bisibisi ya chuma kuichomoa maana ukigusisha moto na bodi fyuzi ya DOME inaondoka. Mwombe muuzaji aiwashe kwenye betri dakika tano afu uishike, ikikuunguza vidole usiichukue.

Na balbu nzima ulizotoa zitunze. Ukiweka LED zikawa zinabaki na kile kimwanga usiku, rudisha balbu moja ya kawaida kwenye mojawapo ya taa zinazowaka pamoja, mfano ile ya nyuma, ule mkondo mdogo utapita kwenye hiyo balbu bila kuiwasha, na LED zilizobaki zitazima kabisa.